Kwaya ya Sauti Nne na Kiboksi Kilichopakwa Mafuta

Lyse hutengeneza simu kwa hasira, na wateja wake wameshazoea. Ukimpelekea simu iliyotumbukia chooni ukamwambia ilinyeshewa, ataifungua, atainusa, atakutazama usoni, kisha atakuuliza, "Hiyo mvua ilinyesha wapi, papa? Maana inanuka dawa ya choo." Lakini simu itawaka. Kibanda chake kiko West Street, ambayo bango la manispaa limeipa jina jingine refu lisilotamkwa na dereva yeyote wa taxi, katikati ya saluni mbili zinazoshindana nani atapasua spika zake mapema. Hapo ameketi mwaka wa kumi sasa, lenzi jichoni, akiwatukana kwa Kirundi mafundi wote waliotangulia kuigusa simu ya watu.

Jumatano na Jumapili hasira hiyo hupanda taxi kwenda Clairwood, kwenye ghala ambalo kanisa limelikodi kati ya yadi mbili za malori. Huko Lyse ni fundi mitambo wa kwaya. Hakuichagua kazi hiyo. Alipofika Durban akiwa na miaka kumi na tisa na begi moja, alipokelewa na mama Godelive, akalala chumbani kwake miaka mitatu, na wiki ya kwanza tu akapelekwa kwaya na kupangwa sauti ya pili. Siku ya tatu mama Godelive alimvuta pembeni. "Mwanangu, masikio Mungu amekupa. Koo amempa mtu mwingine." Akamkabidhi nyaya. Hivyo ndivyo mafundi mitambo wengi wa makanisa wanavyopatikana: ni waimbaji waliofukuzwa kwa upendo.

Mama Godelive mwenyewe huimba sauti ya tatu, kule kwa wanaume. Ana miaka hamsini na minane, anapiga pasi katika nyumba tatu za Morningside, na koo lake likifunguka, wanaume sita wa sauti ya tatu huacha kutafuta noti na kumfuata yeye tu, kama vifaranga. Mwaka huu, baada ya faili lake la ukimbizi kuzunguka maofisini miaka kumi na moja, aliitwa akaambiwa anahamia Kanada, mji ambao jina lake lilimchukua wiki mbili kulitamka bila kurusha mate. Tarehe ya ndege ilipotoka, iliangukia Jumanne. Kwaya ikapanga tamasha la kumuaga Jumapili inayotangulia Jumanne hiyo.

Siku hiyo hiyo aliyopewa tarehe, mama Godelive alifika kibandani kwa Lyse, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuomba ruhusa.

"Lyse, unirekodie."

"Mama, hilo hata huombi. Sauti yako nitairekodi mpaka ichoke."

"Sikiliza kwanza, kichwa cha moto. Sauti yangu sitaki. Yangu naenda nayo, iko humu." Akajigonga kifuani. "Nataka zenu. Ule wimbo wa mwisho, muuimbe wote, na pale pangu pabaki wazi. Nikiwa kule jikoni, theluji iko mlangoni, hakuna mtu wa kuimba naye, nabonyeza simu, mnaanza, na mimi naingia pale pangu. Inawezekana ama haiwezekani?"

"Inawezekana," Lyse alisema, na papo hapo akakasirika, kwa sababu alijua inahitaji nini.

Mwaka uliopita walirekodi tamasha kwa mikisa ya kanisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ambayo humeza kila kitu na kutema njia mbili tu, kulia na kushoto. Dramu ilikaa juu ya vichwa vya watu wote. Walipomwomba Lyse aipunguze, aliwaambia uji ukishaiva huwezi kuudai mahindi yako. Ili umtoe mtu mmoja kwenye wimbo, lazima tangu mwanzo umerekodi koo lake peke yake, kwenye njia yake, amesimama mbali na wenzake, na wenzake nao wana njia zao. Kwa hiyo ilitakiwa mashine yenye matundu mengi ya maiki, kila tundu na njia yake hadi mwisho wa safari.

Hapo ndipo maduka huwaibia watu. Kwa siku kumi Lyse alizunguka mjini akigeuza mashine juu chini kama mtu anayechagua papai. Aliikuta moja yenye matundu kumi na sita mbele, inang'aa taa kama basi la harusi, na nyuma yake, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, inakiri kwamba inarekodi njia mbili tu. "Hii ni nyumba ya milango kumi na sita na chumba kimoja," alimwambia muuzaji, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Muuzaji akamtazama mlinzi. Nyingine ilikuwa nzuri lakini haiendi bila laptop, na laptop ya Lyse betri yake ilishakufa, inaishi kwa kushikilia ukuta kama mlevi. Kule ghalani umeme nao hukatika kila yadi ya jirani inapowasha mtambo wa kujazia upepo matairi. Alitaka kitu kinachobebeka begani, kinachokula umeme wa pawabanki, kinachoandika kwenye kadi yake chenyewe na kisichomwomba mtu ruhusa.

Alikipata Morningside, kwenye chumba cha uani nyuma ya jumba la watu, kwa Jecha, Mzanzibari mwenye umri wa miaka arobaini hivi aliyekuwa akirekodi maulidi na harusi, na sasa anauza vyombo vyake ili anunue vikubwa zaidi. Mashine yake ilikuwa nyeusi, ukubwa wa Biblia ya madhabahuni, matundu kumi na mawili, kadi ndani yake. Lyse alitoa maiki mkobani, akaichomeka tundu moja baada ya jingine. Kila moja alilikoholea, akalinong'oneza, akautikisa waya.

"Hii iko na shida?"

"Dada yangu, 'iko na shida' ndiyo lugha ya wapi? Sema, ina shida?"

"Iko ama haiko?"

"Haina."

"Tundu la tisa linakwaruza."

Jecha akavaa spika za masikioni, akasikiliza, akazivua. "Wallahi, hilo nilikuwa silijui."

"Wewe ulikuwa unajua Kiswahili tu."

Jecha alicheka hadi akakaa kitandani. Akaahidi kumwekea hadi Jumamosi. Lyse akateremka kwenda mjini akiwa na kitu cha ajabu usoni. Watu wa saluni wanasema ilikuwa tabasamu, lakini hawakubaliani.

Mashine ilikuwa inunuliwe kwa mfuko wa kwaya, na kwa hiyo ilitakiwa kupita kwenye kamati. Kamati ya kwaya ina watu saba, na sita kati yao hawajawahi kushika waya isipokuwa wa kuanikia nguo. Mwenyekiti, ambaye huitwa président na huitika haraka sana, ni papa Libère. Kazi yake ni kuhesabu makontena katika yadi ya malori hapo hapo Clairwood. Ni mtu wa kuhesabu. Akiamka huhesabu vidole vyake, akikuta kumi humshukuru Mungu.

Lyse alieleza vizuri, hata kwa upole. Maiki mbili kwa kila kundi la waimbaji, hizo nane. Moja ya mama Godelive peke yake. Gitaa, besi, dramu. Kumi na mbili. Papa Libère alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasimama.

"Bon. Mimi nauliza swali moja tu. Kwaya yetu ni ya sauti ngapi?"

"Nne!" kamati ikaitika.

"Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Voilà. Huyu binti yetu anataka mashini ya sauti kumi na mbili. Sauti ya tano ataimba nani? Ya sita? Ama analeta malaika?"

Kamati ikacheka, ikapiga makofi, na hapo ndipo pesa ya watu na akili yake vilipoachana. Kosa lenyewe ni la lugha yetu. Sauti ni koo la mtu, sauti ni kelele za lori, sauti ni kile unachopunguza kwenye redio jirani akigonga ukuta, na sauti ni zile safu nne za waimbaji. Neno moja linafanya kazi za watu wanne, na papa Libère akalikamata siku limechoka.

"Papa, hiyo ni hesabu ya waimbaji, si hesabu ya maiki!" Lyse aliruka. "Na mama Godelive nimtoe wapi?"

"Mama Godelive anaimba sauti ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi yumo."

"Ndiyo shida, yumo! Anataka atoke!"

"Mbona anatoka? Jumanne anapanda ndege." Kamati ikacheka tena.

Lyse aliondoka akidhani angalau hawajaamua. Jumapili asubuhi, ibada ikiwa katikati, papa Libère alipanda mbele na mfuko wa duka. Akatoa kiboksi chekundu, kipya, chenye ukubwa wa mkate, matundu manne. Kanisa likashangilia. Lyse alikuwa kwenye mikisa mwisho wa ghala, na kabla hajapita viti viwili, mchungaji Aloys alishakipokea kiboksi kwa mikono miwili, akakiinua juu, akaita watu wanyooshe mikono.

Sasa, mchungaji Aloys si bahili wa mafuta. Wengine huchovya kidole. Yeye humimina. Alikiombea kiboksi dakika tisa, akakiwekea mkono, akakipaka mafuta ya zeituni juu, pembeni, na mbele kwenye matundu. Kisha chupa ikamponyoka kidogo kwenye neno "ifurike", na kweli ikafurika.

Lyse aliona tone likiingia. Tundu la tatu.

Baada ya ibada aliwafuata nje, kwenye kivuli cha kontena. "Duka linapokea vitu kabla siku saba hazijaisha. Kesho nakirudisha. Tunaongeza kidogo, tunachukua ile ya Morningside."

Papa Libère alimtazama kama amesema anarudisha mtoto aliyebatizwa. "Lyse. Kimewekwa wakfu."

"Ni plastiki, papa."

"Kimewekwa wakfu mbele ya watu mia mbili. Unamrudishia muuzaji baraka zetu? Akimuuzia mlevi wa baa, akarekodi mambo ya baa na upako wetu ndani yake, nani atajibu?"

"Quand même, Lyse, hata hivyo," mchungaji Aloys akasema taratibu. "Kilicho cha Bwana hakirudi dukani."

Jumatatu saa tatu kamili asubuhi Lyse alikuwa dukani na kiboksi mkononi. Muuzaji alikuwa mwungwana wa Kihindi mwenye miwani, na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Risiti ipo, mfuko upo. Kisha akakileta puani, akanusa mara mbili, akakigeuza. Mafuta yakamchuruzika mkononi.

"Dada," alisema kwa Kiingereza cha upole sana, "hiki kinanuka kachumbari."

"Kimeombewa."

"Haibo!" mlinzi wa mlangoni akashangaa kwa Kizulu.

Muuzaji alikifuta, akakifunga kwenye mfuko wake, akamrudishia kwa heshima ile wanayorudishiwa watu wenye matatizo nyumbani. Akiwa kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, Lyse alimpigia Jecha. Mashine ilishauzwa. "Nilikuwekea hadi Jumamosi, dada. Leo Jumatatu." Ni kweli. Lyse hakuwa na wa kumkasirikia pale, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Alirudi kibandani, akachomeka maiki. Tundu la kwanza zima. La pili zima. La nne zima. La tatu likatoa mlio wa mtu anayekaanga mandazi. Tundu la tatu, yaani lile lile ambalo kwa hesabu za papa Libère lilikuwa la sauti ya tatu.

Alikifungua kiboksi kizima kwenye meza, skrubu zote kwenye kifuniko cha chupa. Akatoa spiriti, ile kali ya kusafishia simu zilizolowa, na mswaki mdogo, akaanza kusugua. Hakuacha kusema peke yake. Alimsema papa Libère, akaisema chupa ya mchungaji, akaisema Kanada yote kuanzia baridi yake. Odette, wa sauti ya kwanza, anayesuka nywele saluni ya kushoto, alitoa kichwa nje na kitana mkononi.

"Lyse, unafanya nini hapo?"

"Natoa mafuta."

"Yale ya mchungaji?"

"Ndiyo, yale ya mchungaji."

"Kwa nini hiyo dawa inanuka pombe?"

"Kwa sababu ni pombe, Odette. Suka."

Jumatano, kabla mazoezi hayajaanza, papa Libère alisimama na uso wa msiba. Alisema limefika masikioni mwake jambo ambalo hakutaka kuliamini, kwamba kuna mmoja wetu aliyeuosha upako kwa pombe. Sauti ya kwanza ikasema "Mana yanje!", Mungu wangu, kwa noti mbili. Lyse alikuwa anakunja waya, na akaendelea kuukunja.

"Sijauosha," alisema. "Nimeupunguza. Ulikuwa juu sana."

Wanaume wa sauti ya tatu wakacheka, wakakohoa kuficha, wakacheka tena. Kamati ilitaka aombe msamaha. Mama Godelive akainuka kwenye kiti chake, akashika kiuno.

"Mtoto amesafisha kitu kikapona. Papa Libère, wewe ukiumwa tumbo, hospitali wanakupa mafuta ama wanakupa dawa? Tuimbe. Nimebakiza siku tano, sizitumii kusikiliza mashtaka ya kiboksi."

Wakaimba.

Jumapili ikafika. Lyse alikuwa ghalani tangu asubuhi. Laptop aliiacha nyumbani na ukuta wake. Kiboksi alikiunganisha na simu kubwa ya mteja mmoja aliyeapa atairudia kesho, miezi minane iliyopita, na vyote viwili akavifunga kwa pawabanki. Umeme wa ghala ukatike, ukae, ufanye unavyotaka. Katika hilo, alikiri, kiboksi si kibaya. Ni chepesi, hakina makuu, kinakwenda na simu. Kwa mtu mmoja na gitaa lake kingekuwa baraka. Kwa kwaya ya watu thelathini ni kijiko cha kuzolea mafuriko.

Akasimika maiki nne mbele ya safu nne. Ndipo papa Libère akaja na suti ya rangi ya divai na karatasi mkononi.

"Lyse, nimepanga. Tundu moja mimbari, kwa hotuba yangu. Moja gitaa, shemeji yangu ameomba. Moja dramu. Moja kwaya."

"Kwaya yote?"

"Wasimame karibu karibu."

Watu wakongwe wa kwaya wanasema walimwona Lyse akivuta pumzi na kuishikilia, kama mtu anayepita karibu na jalala.

"Papa Libère. Kwaya yetu ni ya sauti ngapi?"

Papa Libère akaitazama karatasi yake.

"Nauliza kwa heshima, mbele ya mashahidi. Ni ngapi?"

"Nne," mtu akasema nyuma.

"Nne. Mlipiga makofi. Tundu la kwanza, sauti ya kwanza. La pili, ya pili. La tatu, ya tatu. La nne, ya nne. Gitaa ni sauti ya ngapi? Dramu ni sauti ya ngapi? Hiyo hotuba yako, papa, ni sauti ya ngapi?"

"Ya tano!" akapiga kelele mwanamume mmoja wa sauti ya tatu. "Ya malaika!"

Ghala zima likalipuka. Papa Libère alikunja karatasi yake mara mbili, mara nne, mara nane, hadi ikakataa kukunjika. "Sharp, sawa," alisema, kama mtu anayemeza mfupa. Akaenda kuketi.

Lakini ushindi huo haukumsaidia mtu aliyekuwa na haja. Mama Godelive alikuwa amesimama kwenye safu yake, mbele ya maiki ya tundu la tatu, kitenge kipya, kilemba kipya.

"Na mimi, mwanangu? Nimebaki ndani?"

Lyse alikuwa amelifikiria kila usiku wa wiki hiyo. Akimpa mama tundu la nne, sauti ya nne inapotea na kwaya inabaki na miguu mitatu. Akimsogeza mbali, koo lile katika ghala la mabati litawafuata wenzake na kuingia kwenye maiki zao zote. Akimwacha pale, amepikwa kwenye uji. Hasira yote ya wiki tatu, ya kamati, ya mafuta, ya kachumbari, ya Jumanne, ikakosa pa kwenda ikamtoka mdomoni.

"Mama, tundu la tano haliko! Unataka nifanye nini? Haliko! Kukutoa mle iko njia moja tu, ufunge mdomo!"

Vichwa vikageuka. Hata gitaa la shemeji likanyamaza. Mtu hasemi hivyo na mama aliyemlaza kitandani kwake miaka mitatu. Lyse alijua hivyo kabla neno halijafika chini. Alishika waya asiouhitaji.

Mama Godelive akainamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Eeh," alisema chini chini, amemsogelea Lyse hadi sikioni. "Wimbo wa mwisho."

"Mama, sikuwa na maana..."

"Ulikuwa na maana, mimi ndiye sikuwa nayo. Wiki tatu tunatafuta mashini ya kunitoa, na mdomo ni wangu." Akarekebisha kilemba. "Usimwambie mtu. Libère akijua ataweka kwenye kamati."

Tamasha likaanza saa nane mchana. Malori yalikuwa machache, bati lilikuwa la moto, watu walijaa hadi mlango wa kupakilia mizigo. Papa Libère alihutubia dakika ishirini na tano ambazo hazikurekodiwa popote, na dunia ikaendelea. Nyimbo saba za kwanza mama Godelive aliimba kana kwamba ametumwa kubomoa jengo. Kwenye simu ya mteja, mstari wa tundu la tatu uliruka hadi juu, na Lyse alikuwa anaupunguza kwa kidole kimoja huku anafuta jasho kwa kingine. Hapakuwa na mandazi yanayokaangwa. Tundu lilikuwa safi.

Wimbo wa mwisho hauna vyombo. Ni wimbo wao wenyewe, wa safari, na beti zote nne huanzwa na sauti ya tatu. Kiongozi akainua mkono. Mkono ukashuka.

Hakuna aliyeanza.

Wanaume sita walikuwa wanamngoja mama Godelive, kama miaka yote. Mama Godelive alikuwa amesimama katikati yao, mikono mbele, mdomo umefungwa. Sekunde moja. Mbili. Mmoja wa wanaume akaanza, chini mno, mwingine akaanza juu mno, wakagongana, wakaokotana, wakaenda. Sauti ya kwanza ikaingia kwa woga. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kuchechemea kabisa.

Papa Libère, ambaye huimba sauti ya nne, alimwona kutoka safuni kwake. Akamkodolea macho. Akaonyesha mdomo wake kwa kidole. Akafungua na kufunga taya kama samaki kwenye barafu, imba, imba! Mama Godelive akamtazama bila kutikisa hata kilemba. Machozi yakaanza kumshuka, na mdomo ukabaki umefungwa. Mama mmoja wa viti vya mbele akasema kwa nguvu, "Roho amemshika!" Mchungaji Aloys akaanza kutafuta chupa. Lyse, mwisho wa ghala, alimwelekezea kidole kwa namna ambayo chupa ilirudi mfukoni.

Kisha akabonyeza spika masikioni kwa viganja vyote viwili, akasikiliza tundu la tatu peke yake.

Pengo lilikuwemo. Unalisikia kama unavyosikia chumba kilichotolewa kabati. Ubeti wa pili wanaume walichelewa kuingia, nusu pumzi nzima. Lyse aliwatukana kimya kimya, mmoja mmoja, kwa majina. Ubeti wa tatu waliingia kwa wakati. Wa nne walikuwa wanaimba wenyewe, sita, bila kumtazama mtu, kila mmoja kwenye noti yake, na pale katikati yao palikuwa wazi, upana wa mtu mmoja. Lyse alikasirika hadi macho yakaingia ukungu. Koo kama lile, wimbo kama ule, na kwa amri ya mwenye koo, yeye fundi hakuwa na hata chembe yake katika wimbo huo.

Jumanne mama Godelive akapanda ndege. Wimbo ulikuwa kwenye simu yake. Lyse ndiye aliyeuweka, na akauweka mara tatu katika sehemu tatu, kwa sababu hawaamini watu wanaosema simu ilinyeshewa.

Siku ya tisa ujumbe wa sauti uliingia kibandani asubuhi, saluni zote mbili zikinguruma. Lyse alivuka barabara hadi kwenye kona isiyo na kelele nyingi, akauweka sikioni. Maji yalikuwa yanachemka kwenye birika. Kwaya ikaanza, kwa mbali, kutoka kwenye simu iliyolazwa mezani, na juu yake, karibu kabisa, kama amesimama pale kona ya West Street, mama Godelive akaingia pale pake. Ubeti wa kwanza aliwainua wale sita mmoja mmoja. Ubeti wa pili akaingia kwa wakati, peke yake, wao hawajafika. Akaacha kuimba.

"Sauti ya tatu!" alifoka. "Mmechelewa! Lyse, waambie hawa wajinga wamechelewa. Warudie ubeti wa pili, na uniletee mwingine."

Jumatano ghalani, Lyse alikiweka kile kiboksi chekundu juu ya kiti, akasimika maiki nne, akawachezea ujumbe. Papa Libère alisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa, akasema huo ndio upako, mnaona, kile kitu kimefika Kanada. Akainua mkono ili aeleze zaidi.

"Ubeti wa pili," Lyse alisema. "Na mkichelewa tena nawakata waya."

Papa Libère alikuwa bado na mkono juu wakati wanaume sita wa sauti ya tatu walipoingia, wote pamoja, kwa wakati.